Levi Woodbury na Uzito wa Kilichoandikwa

Mwezi Machi 1832 manowari ya Marekani iliyoitwa Peacock iling'oa nanga Boston kuelekea bahari za mashariki. Katika orodha ya watu waliokuwamo palikuwa na Edmund Roberts, karani wa kapteni. Ukarani huo ulikuwa kificho. Roberts alibeba hati za Rais Andrew Jackson zilizompa mamlaka ya kufunga mikataba ya biashara na watawala wa Cochin China, Siam na Maskati, na wakubwa wake hawakutaka Waingereza wapate fununu kabla kazi haijaisha. Mtu aliyeusukuma mpango huu ndani ya serikali alikuwa mwanasheria wa New Hampshire ambaye hakuwahi kuwa baharia. Jina lake ni Levi Woodbury, Waziri wa Jeshi la Wanamaji.

Wasomaji wa historia ya pwani yetu wanamjua Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Maskati na Unguja, wanamjua Roberts, na pengine wanamjua Richard Waters, balozi wa kwanza wa Marekani kukaa Unguja. Woodbury hatajwi sana, na hata kwao Marekani wengi wamemsahau. Hili linashangaza ukitazama vyeo alivyopitia: jaji wa jimbo, gavana, spika wa baraza la jimbo, seneta, Waziri wa Jeshi la Wanamaji, Waziri wa Fedha, seneta kwa mara ya pili, kisha jaji wa Mahakama ya Juu hadi kufa kwake mwaka 1851. Ni Wamarekani wachache mno waliofanya kazi katika mihimili yote mitatu ya dola kwa kiwango hicho.

Wanaomwandika hugawanyika. Wapo wanaomwona kama msimamizi mwadilifu aliyefanya kila kazi aliyopewa, na wapo wanaomwona kama mwanasiasa wa kaskazini aliyewainamia wenye watumwa wa kusini ili siku moja aupate urais. Mimi naona pande zote mbili zinamgawa mtu ambaye hakugawanyika. Woodbury aliamini kwamba taifa ni mapatano yaliyoandikwa, na kwamba kazi ya kiongozi ni kuyatekeleza kama yalivyo. Imani hiyo ndiyo iliyomfanya awe waziri mzuri wa wanamaji, na ndiyo hiyohiyo iliyomfanya awarudishe watu utumwani kwa moyo mtulivu.

Alizaliwa Francestown, kijiji cha wakulima huko New Hampshire, tarehe 22 Desemba 1789, mwaka uleule ambao George Washington aliapishwa na Katiba mpya ikaanza kufanya kazi. Alihitimu chuo cha Dartmouth mwaka 1809. Wakati ule kijana aliyetaka uwakili alikwenda kukaa katika ofisi ya wakili mzoefu, akanakili hati na kusoma vitabu vya mwenyeji wake. Woodbury alifanya hivyo pia, lakini kwa muda alisoma katika shule ya sheria ya Tapping Reeve huko Litchfield, Connecticut, na baadaye akawa jaji wa kwanza wa Mahakama ya Juu aliyewahi kukaa darasani kusomea sheria. Mwaka 1817, akiwa na umri wa miaka 27, aliteuliwa kuwa jaji wa mahakama kuu ya jimbo lake.

Kesi kubwa ya kwanza kumfikia ilihusu chuo kilichomlea. Mwaka 1816 bunge la New Hampshire lilibadili hati iliyoanzisha Dartmouth, likataka kukifanya chuo kikuu cha umma. Wadhamini wa zamani walikwenda mahakamani, wakadai hati ile ni mkataba usioweza kuguswa. Woodbury na majaji wenzake wakaamua kwamba bunge lilikuwa na haki. Mwaka 1819 Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu John Marshall ikaupindua uamuzi huo na kusema hati ya chuo ni mkataba unaolindwa na Katiba. Karibu miaka 30 baadaye, akiwa sasa ameketi katika mahakama hiyohiyo, Woodbury ndiye aliyeandika hukumu ya kuibatilisha sheria ya Mississippi iliyokiuka hati ya benki, kwa msingi uleule aliokuwa amepingana nao ujanani. Sioni ugeugeu katika jambo hilo. Naona mtu aliyekwisha kufundishwa na walio juu yake kwamba kilichotiwa saini kimefunga, na akalishika somo hilo hadi mwisho.

Ugavana wake wa 1823 ulidumu mwaka mmoja tu na hauna mengi ya kusimulia. Mwaka 1825 alikuwa spika wa baraza la jimbo, na mwaka huohuo akaenda Washington kuwa seneta. Huko alijiunga na kambi ya Jackson: serikali kuu iwe ndogo, majimbo yawe na nguvu, Katiba isomwe kwa herufi zake. Kabla ya hapo alikuwa amehamishia makazi yake Portsmouth, bandari pekee ya jimbo lake, na kuoa binti wa Asa Clapp, mfanyabiashara tajiri wa Portland huko Maine. Kwa njia hiyo mtoto wa wakulima akawa jirani na ndugu wa watu wa meli. Mmoja wa watu wa Portsmouth aliyekuwa rafiki yake ni Edmund Roberts, mfanyabiashara aliyekuwa amefilisika.

Uwaziri ulimjia kwa mlango wa kashfa. Mwaka 1831 baraza la mawaziri la Jackson lilivunjika kwa ugomvi uliozunguka heshima ya Peggy Eaton, mke wa Waziri wa Vita, ambaye wake wa mawaziri wengine walikataa kumtembelea. John Branch wa North Carolina akaondoka katika wizara ya wanamaji, na Woodbury akaingia mwezi Mei.

Wizara aliyoikuta ilikuwa na mgawanyo wa ajabu. Tangu 1815 palikuwa na Bodi ya Makamishna, makapteni watatu waliosimamia mbao, kamba, mizinga, vyakula na ujenzi wa meli. Waziri alibaki na watu na maagizo: nani apandishwe cheo, nani aende wapi, na afanye nini akifika. Kazi yake basi ilikuwa barua. Na barua ya wakati huo ilipotoka mezani haikuweza kurudishwa. Meli iliyokwenda Sumatra ilikuwa peke yake na maneno ya waziri kwa miezi mingi, na jibu likija limekuja kueleza yaliyokwisha kutendeka. Waziri mwenye akili ilimpasa aandike akijua kwamba hatapata nafasi ya kusahihisha.

Woodbury aliandika kwa uangalifu. Katika miezi ya kwanza alitoa agizo kwamba baharia anayekubali kuacha posho yake ya pombe kali alipwe senti 6 kwa siku badala yake. Pombe ile ilikuwa haki ya baharia kwa mujibu wa sheria ya Bunge, kwa hiyo waziri hakuwa na mamlaka ya kuifuta. Alichoweza ni kuinunua. Mwaka huohuo aliwaandikia makamanda kuwataka, pale sheria inaporuhusu, watoe adhabu za faini na alama za fedheha badala ya kuwachapa watu mijeledi. Hapa pia sheria ilikuwa juu yake: mjeledi uliruhusiwa, naye hakudai kuupiga marufuku. Alikwenda hadi ukingo wa kilichoandikwa, akasimama hapo. Bunge lilikuja kuuondoa mjeledi katika jeshi la wanamaji mwezi Septemba 1850, na pombe mwaka 1862. Kwa mambo haya mawili namhesabu miongoni mwa mawaziri wenye utu waliowahi kushika ofisi ile.

Wakati wake pia magudi mawili ya kwanza ya jeshi yalikamilika. Gudi ni bwawa la mawe ambalo meli huingizwa, lango likafungwa, maji yakatolewa, na mafundi wakashuka chini kuifikia hata mbao ya chini kabisa. Kabla ya hapo manowari ililazwa ubavu majini kwa kamba na kapi ili igeuzwe, kazi ya hatari iliyochosha mbavu za chombo. Mhandisi Loammi Baldwin alijenga gudi moja karibu na Norfolk, Virginia, na jingine Boston. Tarehe 24 Juni 1833 Constitution, meli yenye sifa kubwa za vita vya 1812, iliingizwa katika gudi la Boston mbele ya umati wa watu, Woodbury akiwa ameketi pamoja na Makamu wa Rais Martin Van Buren. Mipango ya magudi ilianza kabla yake, na ni haki kusema hivyo.

Jaribio gumu lilitoka mashariki. Mwezi Februari 1831, huko Kuala Batu, pwani ya Sumatra, meli ya pilipili iitwayo Friendship, ya Salem, ilivamiwa na baadhi ya mabaharia wake wakauawa. Wenye meli walikuwa watu wenye sauti. Mmoja wao alikuwa seneta. Woodbury alimpa Kapteni John Downes wa manowari Potomac maagizo yenye hatua zilizopangwa: chunguza kwanza kilichotokea, ukithibitisha dai fidia na adhabu kwa waliohusika, na ukikataliwa ndipo utumie nguvu. Downes alifika Februari 1832 akiificha meli yake kwa bendera ya Denmark. Alfajiri aliwateremsha pwani watu zaidi ya 250, wakashambulia ngome na kuuchoma mji kabla ya swali lolote kuulizwa. Wenyeji zaidi ya 100 walikufa, wanawake wakiwa miongoni mwao. Marekani ilipoteza watu wawili.

Habari zilipofika Washington magazeti ya upinzani yalilalamika, na Woodbury akamwandikia Downes kwamba Rais anasikitika kuwa haikuwezekana kuuliza na kudai kwanza. Kapteni hakuadhibiwa. Hapa ndipo ninapoanza kuona udhaifu wa imani ya waziri wetu. Maagizo yake yalikuwa mazuri, na baada ya kuyaandika aliona wajibu wake umekwisha. Mtu wa mbali alipoyavunja, waliokufa wakiwa ni wenyeji wa Sumatra wasiokuwa na mkataba wala balozi, wizara ilitosheka na masikitiko. Mwezi Desemba 1831 Kapteni Silas Duncan naye alikuwa amekivamia kituo cha Waajentina katika visiwa vya Falkland kwa sababu ya meli za wawinda sili zilizokamatwa, na serikali ya Jackson ikasimama upande wake.

Turudi kwa Roberts. Mwaka 1827 alikuja Unguja kufanya biashara, akaona namna mawakala wa serikali na ushuru vilivyowabana Wamarekani. Mwanzoni mwa 1828 alikutana na Sayyid Said mwenyewe, akamweleza malalamiko yake, naye Sayyid akaonyesha kuwa yuko tayari kufunga mkataba na nchi yake. Roberts alirudi Portsmouth mikono mitupu kimali, lakini akiwa na jambo la kumweleza rafiki yake seneta. Woodbury alilihifadhi wazo hilo. Alipopata wizara, na tukio la Kuala Batu lilipowafanya watu wa Washington wafikirie bahari zile, alilitoa. Hapo ndipo msomaji mkali wa Katiba alipokubali njia ya mkato: Roberts alitumwa kama wakala wa siri wa Rais, bila kuthibitishwa na Seneti, ingawa mikataba yenyewe ingepaswa kupelekwa huko baadaye. Sheria haikuvunjwa. Ilitumika kwa unyumbufu ambao Woodbury hakuwapa wengine kwa ukarimu huo.

Cochin China ilimkatalia Roberts. Siam ilikubali Machi 1833. Huko Maskati, tarehe 21 Septemba 1833, mkataba ulikamilika kwa siku chache tu, na masharti yake yalikuwa mepesi kuliko alivyotarajia. Wafanyabiashara wa Marekani waliruhusiwa kuuza na kununua katika bandari zote za Sayyid. Wangelipa asilimia 5 tu ya bidhaa zinazoshushwa, bila ada nyingine ya nanga wala ya bandari. Marekani ingeweza kuweka balozi, naye ndiye angeamua magomvi ya raia wake wenyewe. Bunduki na baruti zingeuzwa Unguja kwa serikali peke yake.

Kifungu kimoja kinastahili kutazamwa kwa karibu. Rasimu ya Roberts ilisema kwamba mabaharia wa Marekani wakivunjikiwa na jahazi katika milki ya Sayyid, watatunzwa na gharama itarudishwa. Sayyid Said alikataa kurudishiwa. Alitaka iandikwe kwamba watakaa kwa gharama yake mpaka wapate njia ya kurudi kwao, kwa kuwa haikuwa desturi ya Waarabu kumtoza mgeni aliyepatwa na msiba. Miaka miwili baadaye, Peacock ilipomrudisha Roberts kubadilishana hati zilizothibitishwa, ilipanda mwamba karibu na kisiwa cha Masirah. Ilibidi mizinga kadhaa itupwe baharini ili meli ielee, na Roberts mwenyewe akakimbia kwa mashua ndogo hadi Maskati. Sayyid alituma meli yake ya Sultana kwenda kusaidia. Hati zikabadilishwa tarehe 30 Septemba 1835. Roberts alikufa kwa ugonjwa huko Macau mwezi Juni 1836, na Waters akafika Unguja Machi 1837.

Biashara tayari ilikuwapo. Katika meli 41 za kigeni zilizoingia Unguja kati ya Septemba 1832 na Mei 1834, 32 zilikuwa za Marekani, nyingi zikitoka Salem. Wamarekani walileta nguo za merikani, bunduki na fedha, wakachukua pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na karafuu. Waingereza walishtuka. Mwaka 1834 walimtuma Kapteni Henry Hart kumuuliza Sayyid juu ya mkataba wa Wamarekani, na mwaka 1839 wakapata wa kwao. Waingereza walisoma maandishi ya wenzao vizuri: katika mkataba wao pwani ya Mrima, kutoka upande wa Tanga hadi Kilwa, ilitengwa wazi kwa upande wa pembe na sandarusi. Mkataba wa Marekani haukuwa na kizuizi hicho, na magomvi juu ya Mrima yakawa sehemu ya maisha ya kila balozi.

Na kuna jambo ambalo mkataba wa 1833 haukuligusa kabisa, nalo ni utumwa. Waingereza walikuwa wamemfunga Sayyid tangu 1822 asiuze watumwa kwa mataifa ya Kikristo. Woodbury hakutaka wala hakufikiria kuandika kifungu cha namna hiyo, na angewezaje? Pamba iliyofumwa ikawa merikani ililimwa na watumwa wa Alabama na Georgia. Ikaja Salem, ikaja Unguja, ikapanda na misafara hadi Unyamwezi na Ujiji, ikanunua pembe, na mara nyingine ikanunua watu. Karafuu zilizorudi Salem zilichumwa na watumwa wa mashamba ya Unguja na Pemba. Mkataba ule uliunganisha tawala mbili za utumwa kwa asilimia 5 ya ushuru, na kwa kuwa haukusema neno, kila upande ulifanya biashara kwa amani. Mtu anayeheshimu kilichoandikwa ana njia rahisi ya kutoulizwa juu ya kisichoandikwa.

Julai 1834 Woodbury alihamia Wizara ya Fedha, akabaki huko hadi Machi 1841, chini ya Jackson na kisha Van Buren. Hapa sifa zake zilimtupa. Jackson alikuwa ameivunja nguvu Benki ya Marekani ya Nicholas Biddle na kuzigawa fedha za serikali kwa benki za majimbo. Mwezi Januari 1835 deni lote la taifa lilikuwa limelipwa, jambo la kujivunia. Mwezi Julai 1836, kwa amri ya Rais, Woodbury alitoa waraka kwamba ardhi ya serikali inunuliwe kwa dhahabu na fedha tu, noti za benki zisipokelewe. Wakati huohuo sheria ya Bunge ilimtaka agawe ziada ya hazina kwa majimbo, na takriban dola milioni 28 zikahamishwa kutoka benki moja hadi nyingine. Waraka ulivuta madini magharibi, mgawo ukayavuta kila upande, na bei ya pamba Liverpool ikaanguka. Mwezi Mei 1837 benki za New York zilisimamisha malipo ya fedha taslimu. Kumtwika Woodbury mzigo wote si haki, maana maamuzi makubwa hayakuwa yake. Alitekeleza maagizo mawili yaliyovutana, na hatumkuti popote akisimama kusema hadharani kwamba yanavutana.

Aibu kubwa zaidi ilitoka forodhani. Mwaka 1838 Samuel Swartwout, mkusanyaji ushuru wa bandari ya New York na rafiki wa Jackson, alikimbilia Ulaya akiacha pengo la zaidi ya dola milioni 1.2. Hesabu zake zilikuwa zikifika Washington kila wakati, zikiwa zimeandikwa vizuri. Kamati ya Baraza la Wawakilishi ilimlaumu Woodbury kwa kutosimamia. Kamati hiyo ilikuwa na wapinzani wengi, lakini hoja yao ilikuwa na uzito: waziri alikagua karatasi, wala hakuutuma mkono kuhesabu fedha sandukuni.

Mwaka 1840, mwezi Aprili, forodha hiyohiyo ya New York ilipokea meli ya Sultana ya Sayyid Said, ikiwa na Ahmad bin Na'aman, mjumbe wa Sayyid, na shehena ya tende, kahawa, pembe, karafuu, ngozi na mazulia. Mkataba aliouanzisha Woodbury ukamrudia mlangoni. Zawadi za Sayyid kwa Rais, zikiwamo farasi wawili na lulu, zilimtia Van Buren mashakani kwa kuwa Katiba inamkataza afisa kupokea zawadi za mfalme bila ruhusa ya Bunge, na Bunge ikabidi lipitishe azimio. Jeshi la wanamaji lilimlipa Sayyid fadhila kwa namna yake: Sultana, iliyokuwa imechakaa, ilitengenezwa Brooklyn kwa gharama ya serikali ya Marekani.

Rais James Polk alimteua Mahakama ya Juu mwaka 1845 kuchukua kiti cha Joseph Story. Huko aliendelea kuibana serikali kuu. Waziri huyu wa zamani wa wanamaji alipinga mahakama za shirikisho kupanua mamlaka yao ya kesi za meli hadi ndani ya mito. Mwaka 1849, katika kesi ya Luther dhidi ya Borden iliyotokana na uasi wa Rhode Island, alisimama peke yake kupinga wazo kwamba bunge la jimbo linaweza kuliweka jimbo zima chini ya sheria ya kijeshi. Ni andiko la ujasiri, na wanaomwita mwoga wa kisiasa wanapaswa kulisoma.

Kisha ipo kesi ya Jones dhidi ya Van Zandt, ya mwaka 1847. John Van Zandt alikuwa mkulima wa Ohio. Mwezi Aprili 1842 aliwapakia katika gari lake la farasi watu tisa waliotoroka utumwa Kentucky. Gari lilisimamishwa njiani, watu wakakamatwa, isipokuwa mmoja ambaye hakupatikana tena. Mwenye watumwa alimshtaki Van Zandt alipwe hasara. Mawakili wa mkulima, Salmon Chase na William Seward, walidai kwamba utumwa hauna nguvu nje ya sheria za jimbo unakotawala. Woodbury aliandika hukumu kwa niaba ya majaji wote. Alisema kifungu cha Katiba kuhusu watoro ni moja ya maafikiano matakatifu yaliyoliwezesha taifa kuwapo, na kwamba jaji hana ruhusa ya kuuliza kama utumwa ni haki au dhuluma maadamu mapatano yapo. Van Zandt alishindwa, na akafa mwaka huohuo.

Miaka minne baadaye jambo lilimfikia bila pazia la rufaa. Mwezi Aprili 1851 Thomas Sims, kijana aliyetoroka kutoka Georgia, alikamatwa Boston chini ya sheria mpya ya watoro, na jengo la mahakama likazungushiwa minyororo kuzuia umati. Watetezi wake walibisha kila mlango mpaka wakamfikia Woodbury, jaji wa mzunguko wa New England. Alikubali kuwasikiliza, kama sheria ilivyomtaka. Aliwasikiliza, kisha akaagiza Sims arudishwe mikononi mwa walinzi. Alfajiri iliyofuata, mamia ya polisi wakiwa wamemzunguka, Sims alipelekwa bandarini na kupandishwa meli. Alipofika Savannah alichapwa mijeledi 39 hadharani.

Nimelisoma jambo hili mara nyingi nikiukumbuka waraka wa 1831 kuhusu mjeledi melini. Woodbury wa wizara alijua mjeledi unamfanya nini mtu. Aliwatetea mabaharia kwa kadiri kanuni zilivyomruhusu, na alimtoa Sims kwa kuwa kanuni zilimtaka amtoe. Wanaosema alitafuta kura za kusini wana ushahidi wa namna fulani: katika mkutano wa Wademokrati huko Baltimore mwaka 1848 jina lake lilikuwa miongoni mwa wagombea watatu wakuu, na Lewis Cass akashinda. Lakini tamaa haielezi hukumu zake zote. Hukumu ya Rhode Island haikumpa kura yoyote ya kusini. Kilichomwongoza katika zote ni utii, na katika kesi ya Sims utii huo ulimkosea mtu kosa lisiloweza kufidiwa.

Alifariki Portsmouth tarehe 4 Septemba 1851, akiwa na miaka 61, wakati marafiki zake wakimwandaa kwa uchaguzi wa 1852. Urais huo ulikwenda kwa Franklin Pierce, kijana wa New Hampshire aliyesomea sheria katika ofisi yake. Kiti chake mahakamani kilichukuliwa na Benjamin Curtis, ambaye mwaka 1857 aliandika upinzani mkali katika kesi ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake mahakamani. Wakili aliyemtetea Scott mbele ya mahakama hiyo alikuwa Montgomery Blair, mume wa Mary Elizabeth, binti wa Woodbury. Chase, aliyeshindwa katika kesi ya Van Zandt, alikuja kukalia meza ya Woodbury katika Wizara ya Fedha chini ya Rais Lincoln, na mwaka 1864 akawa Jaji Mkuu.

Binti mwingine, Virginia, aliolewa na Gustavus Fox, ofisa wa zamani wa jeshi la wanamaji. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861 Fox alifanywa Naibu Waziri katika wizara aliyoiongoza baba mkwe wake miaka 30 kabla, naye ndiye aliyeendesha shughuli za kila siku za mzingiro wa bandari za kusini. Mzingiro huo ulizuia pamba ya watumwa isitoke. Viwanda vya New England vikakosa malighafi, na Unguja merikani ikaadimika sokoni, nguo za Uingereza na Bombay zikachukua nafasi yake.